Shikamoo ya Kiu

Kila asubuhi nyumbani kwao ilianza kwa ukaguzi. Msichana wa darasa la sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyaa, alikiinua kikombe chake dirishani, akakigeuza huku na huku, akakinusa, ndipo akakubali kitiwe chai. Unywele ukionekana kwenye sabuni, haogi. Nzi akitua mezani, hali.

"Kinyaa, mfute mdogo wako mdomo," mama alisema.

"Mama! Amelamba mlango tena!"

"Basi futa mdomo, futa na mlango."

Mdogo wake alikuwa bado hajafikisha miaka mitatu. Walimwita Bosi, kwa sababu aliiendesha nyumba nzima bila kutamka neno. Akitaka kitu analia, na nyinyi wengine kazi yenu ni kukisia. Akiitwa hageuki. Akifurahi anapunga mikono kama mtu anayekausha rangi ya kucha. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na cherehani ikianza kuunguruma Bosi huziba masikio na kupiga mayowe.

Daktari aliwaeleza kwamba Bosi ana usonji. Haukuambukizwa, haukuletwa na malezi mabaya; ubongo wake unaipokea dunia kwa namna yake. Akianza mapema mazoezi ya kucheza na kuwasiliana, yatamsaidia sana. Nyumbani yasingewezekana, cherehani ingemtia wazimu. Zilibaki sehemu mbili, na wiki ile ile mama alitakiwa kuchagua. Angekosea, mtoto angepoteza muda ambao angejifunza kuomba, kukataa na kuita.

Sehemu ya kwanza ilikuwa chumba nyuma ya shule ya chekechea. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa ameketi sakafuni mbele ya beseni la unga uliokorogwa na maji. Watoto wawili walikuwa wamezamisha mikono humo. Mmoja aliinua uso, akajifuta kamasi kwenye blauzi ya dada yule, akaendelea na shughuli zake.

"Shikamoo," Kinyaa alisema akiwa mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Njoo, ingiza mkono!"

"Nimeshiba," Kinyaa alijibu.

Bosi hakungoja kukaribishwa. Aliingiza mikono hadi kwenye viwiko, akalamba. Baadaye akalisukuma beseni.

"Hutaki tena? Haya, tunaliondoa," dada alisema, akalivuta pembeni. "Mmeona? Ananiambia mambo huyu."

"Lakini hajasema kitu," Kinyaa alisema.

"Amesema hataki. Amesema kwa mkono."

Walipotoka, Kinyaa alitema mate. "Mama, hapana! Yule dada ana kamasi ya mtu mwingine begani!"

Mama aliongeza mwendo. Naye blauzi ile alikuwa ameiona.

Kesho yake walikwenda kwenye kituo kikubwa. Hapo mlangoni unavua viatu na kupewa ndala. Vigae viling'aa mpaka Kinyaa akajiona meno. Palinukia dawa ya maua, na vitu vya kuchezea vilipangwa juu kabatini, kila kimoja kikavu, hakuna alama ya kidole. Kinyaa alivuta pumzi kama mtu aliyefika peponi.

"Mama, hapa hapa," alinong'ona.

Mkuu wa kituo, ambaye wote walimwita madamu, alivaa koti jeupe lililonyooshwa. Watoto waliketi kwenye viti vidogo, mikono magotini.

"Hapa tunaanza na adabu," madamu alisema. "Neno la kwanza la kila mtoto ni shikamoo."

Alimketisha Bosi, akaibana mikono yake miwili isipunge, akamwekea biskuti mbele ya pua. "Sema shikamoo."

Bosi alijinyonga. Madamu akabana zaidi. "Sema shikamoo. Sema shikamoo."

"Sema shikamoo," Bosi alisema.

"Marahaba!" Madamu alipiga makofi. "Umesikia, mama? Siku ya kwanza tu!"

Machozi yalimlengalenga mama. Hakuwa amewahi kusikia sauti ya mwanawe ikitoa neno.

"Lakini amesema 'sema'," Kinyaa alianza. "Hajasalimia, amerudisha tu..."

Mama alimfinya. "We mtoto, koma!"

Kinyaa alisogea pembeni akijisugua mkono. Karibu na meza yenye jagi la maji alisimama mtoto wa kike, mkubwa kidogo kuliko Bosi, midomo imemkauka na kupasuka. Alilitazama jagi, akamtazama msaidizi aliyekuwa akipiga deki.

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba," msaidizi alijibu bila kuinua kichwa.

"Shikamoo." Mtoto alivuta aproni yake, akanyoosha mkono kwenye jagi. "Shikamoo! Shikamoo!"

"Marahaba, mzuri wangu! Una adabu wewe!" Msaidizi akampa biskuti, zawadi yake.

Mtoto aliitafuna huku analia. Makombo makavu yalimkwama kooni, akakohoa, akamfuata tena yule msaidizi. "Shikamoo."

 Kinyaa alitazama chini akitafuta kinachomtia kichefuchefu, maana mate ya kutapika yalikuwa yameshajaa mdomoni. Hakuona doa, wala unywele, wala nzi. Vigae vilimrudishia meno yake mwenyewe, na safari hii hakutaka kuyaona.

Alimimina maji, akamshikia mtoto kikombe. Mtoto alikunywa mpaka akahema.

"We binti!" Madamu alifika mbio. "Nani kakuruhusu? Unamharibu!"

"Alikuwa na kiu."

"Angesema."

"Amesema! Amesema na kusema, nanyi mnaitikia marahaba! Ana neno hilo moja tu mlilompa, afanyeje?"

 Kinyaa alijua atafinywa tena, pengine na kibao juu. Lakini mama alikuwa akimtazama yule mtoto aliyekumbatia kikombe kitupu.

"Madamu," mama alisema taratibu, "akitaka chooni anasemaje?"

"Hatujafika huko, mama. Adabu kwanza."

Mama aliitazama mikono ya Bosi. Ilikuwa myekundu pale ilipobanwa. Akambeba.

"Ukitoka, nafasi itachukuliwa," madamu alisema.

"Ichukuliwe."

Nje mama hakuelekea nyumbani. Alisimama getini juani, mpaka wazazi wa yule mtoto walipokuja kumchukua, akawaeleza alichokiona, neno kwa neno. Walimsikiliza. Baba mtu aliingia ndani akiwa amekunja uso, akatoka na mwanawe begani.

Bosi alianza kwenye chumba cha nyuma ya chekechea. Hakuna aliyemdai shikamoo. Majuma yalipita, na siku moja Kinyaa alipokuja kumchukua, Bosi aliacha beseni, akamjia, akamshika mkono kwa vidole vilivyojaa unga na mate, akamvuta hadi kwenye ndoo ya maji. Akakiweka kiganja cha dada yake juu ya kata ya kuchotea.

Kinyaa alikunja uso wote.

"Usiutoe mkono," mtaalamu alimwambia. "Anaongea na wewe. Asipojibiwa ataacha kuongea."

Kinyaa alichota maji, akampa. "Maji," alisema. Bosi alikunywa, akapunga mikono, na safari hii hakuna aliyeibana.

Wakiwa njiani, unga ukimkaukia Kinyaa mpaka kwenye kiwiko, mama alisema, "Mwanangu, nilikufinya siku ile, nisamehe. Nilitaka sana kusikia neno, nikaacha kumtazama mtoto. Unga na kamasi maji yanatoa, hivyo usivikimbie. Lakini ukiona mtu anaomba na wengine wanajifanya hawasikii, hapo ona kinyaa kweli, na useme kwa sauti. Hata kama anayekufinya ni mimi."

"Sawa, mama." Kinyaa alifikiri kidogo. "Lakini kamasi ni kamasi."

"Hilo sibishi," mama alisema, akampangusa Bosi pua kwa ncha ya khanga yake.