Alinishuti Nikilia kwa Kosa Lake

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja na kwa sasa naishi kwa mama yangu, huku milimani Mbulu. Nimeolewa mara moja, nimezaa mara moja, nimezika mara moja. Naomba mnisome mpaka mwisho ndipo mnihukumu... maana wengi kule Babati walishanihukumu bila kunisikia.

Mume wangu, Faustini, alikuwa mpiga video za harusi, akizunguka na pikipiki yake. Tulikuwa na nyumba ndogo Maisaka, pale pale Babati, vyumba viwili na kisima nyuma. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Binti yetu Glori alikuwa na miaka mitatu, mtoto wa kupenda kucheza na vipande vya vitambaa chini ya mashine yangu.

Siku ile nilichota maji asubuhi, kisha nikamwacha Glori kwa jirani yetu, Mama Paskali, ili nipeleke mahindi kusaga. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilisikia mayowe tangu njiani. Nikaangusha kiroba cha unga, nikakimbia...

Mwanangu alikuwa amelazwa kwenye kanga, nywele zinachuruzika maji. Alikuwa ametoroka kwa jirani, akarudi nyumbani peke yake, akatumbukia kisimani.

Faustini alifika jioni, akasema anatoka kwenye harusi Singe. Alilia mpaka wanaume wakamshikilia. Alipotulia, akanigeukia mbele ya waombolezaji wote.

"Mama Glori, si wewe uliyechota maji asubuhi? Ulifunika?"

Nilijaribu kukumbuka. Kila siku nafunika! Lakini siku ile je? Kitu unachokifanya kila siku utakikumbukaje? Nikajibu kwamba sijui... labda sikufunika.

Hiyo "labda" ndiyo iliyonimaliza. Kufikia siku ya maziko haikuwa labda tena. Mama mkwe alikataa kunipa mkono. Wanawake wa jumuiya walinipikia chakula, lakini hakuna aliyekaa karibu nami.

Usingizi ukanihama. Nikifumba macho naona mfuniko uko pembeni. Naamka, naenda kupapasa kisima, nakuta kimefunikwa, narudi kitandani, natilia shaka, naenda tena. Nilishona mikono ya gauni upande mmoja, wateja wakanirudishia. Nilisikia Glori akiniita nikiwa sokoni, mchana kweupe, nikaitika kwa sauti. Watu wakapeana ishara!

Miezi ikapita hivyo. Ndipo Faustini akaja na wazo. Alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu yake mwenyewe, na sasa alikuwa amepata hadithi... mwanamke aliyemuua mwanawe kwa uzembe, hatia ikamnyima usingizi mpaka akili ikaruka. Alitaka niigize mimi. Aliniambia kwamba nikiutoa uchungu mbele ya kamera utaniishia, nitalala.

Mwenzenu nilikubali. Mtu aliyekosa usingizi hukubali chochote.

Kumbe alitaka nisilale kabisa! Nikisinzia kwenye kiti ananimwagia maji usoni. Ananipa kahawa nzito isiyo na sukari. Mama yangu alipotaka kuja kuniuguza, alimzuia. Aliniambia waziwazi kwamba nikilala uso unajaa, unakuwa uso wa mtu mwenye amani, na yeye hawezi kufanya kazi na uso wa mtu mwenye amani. Siku moja machozi yaligoma. Akaingia chumbani, akatoka na gauni la Glori la manjano, akanitupia mapajani, akarudi nyuma ya kamera. Nililia, jamani. Yeye akasema safi sana.

Katika filamu ile nilitakiwa kusema maneno haya nikitazama kamera: "Nimemuua mwanangu. Ni mimi." Alinifanya niyarudie mpaka sauti ikakauka.

Siku ya mwisho tulishuti pale pale kisimani. Mama Paskali naye alipewa nafasi ya jirani anayepiga yowe. Nilipouondoa mfuniko nikaulaza chini, kama ninavyofanya siku zote. Faustini akanikatisha.

"Siyo hivyo! Uegemeze kwenye ukuta wa choo. Ndoo igeuzwe, na sabuni ikae juu yake."

Nikafanya hivyo. Mama Paskali akaganda. Baadaye akanivuta nyuma ya nyumba yake.

"Mama Glori, siku ile wewe ndiye uliyemwambia mumeo mfuniko ulikuwa wapi?"

"Ningejuaje? Nilipofika mlikuwa mmeshafunika."

"Ni mimi nilifunika, nilipomtoa tu mtoto, kabla hata watu hawajaja. Sijamwambia mtu. Ulikuwa umeegemea ukuta wa choo, ndoo imegeuzwa, sabuni juu... na povu halijakauka. Nikadhani ulikuwa unafua."

Mimi, nifue? Mahindi alipeleka nani?

Akaniambia na jambo jingine, macho yakitazama chini. Kabla Glori hajatoroka, yeye Mama Paskali alisikia pikipiki ikiingia kwetu. Mtoto akaruka akisema, "Baba! Baba!" Yeye alikuwa jikoni anageuza ugali. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Akasema nilikuwa nimeshakiri mwenyewe... akaona aache.

Nilimkuta Faustini sebuleni na kompyuta yake. Nikamuuliza kama alirudi nyumbani siku ile. Hakushtuka. Alisema alirudi akachota maji ya kuosha pikipiki, hakutaka kwenda harusini na matope. Glori alimfuata, yeye akamwambia arudi kwa Mama Paskali, akaondoka kwa haraka, alikuwa amechelewa. Alidhani mtoto amerudi.

"Kwa nini ulisema ni mimi?"

"Mimi niliuliza tu kama ulifunika," alisema. "Wewe hukubisha."

Nilianguka chini. Nilipiga yowe ambalo sikulipiga hata msibani. Nilipoinua kichwa... kamera ilikuwa usoni kwangu. Ilikuwa inawaka!

Kilio kile ndicho alichomalizia filamu. Aliionyesha ukumbini mjini, watu wakajaa, wakalia, wakasimama kumpigia makofi baba aliyefiwa na bado ana moyo wa kumsamehe mkewe. Mama mkwe alimkumbatia jukwaani.

Nilipeleka ukweli kwa wazee wa ukoo. Wakaniuliza, je, si wewe tuliyekuona ukisema kwa mdomo wako kwamba umemuua? Nikasema nilikuwa naigiza. Mmoja akacheka, akasema basi hata sasa naigiza, na nina kipaji. Nikamtaja Mama Paskali. Alipoitwa alisema hakumbuki vizuri, hataki ugomvi na majirani. Nilifunga cherehani yangu kwenye gari la mizigo nikaondoka.

Hapa kwa mama nimeanza kulala. Siyo vizuri, lakini nalala. Kisima cha hapa mama anakifunika mwenyewe, na hajawahi kuniuliza swali. Filamu ile inazunguka kwenye simu za watu. Juzi msichana nisiyemjua alinisimamisha njiani, akaomba tupige picha, kisha akaniuliza nilijisikiaje kumuua mtoto wangu.

Dada zangu, kaka zangu, nawaomba. Mkiwa kwenye uchungu, msikubali kosa ili tu watu wanyamaze! Ukiulizwa, na wewe uliza. Nani alikuwepo? Nani alikuja, nani aliondoka? Msiseme "labda" mbele ya mtu anayetafuta pa kuutua mzigo wake. Na anayekuambia utoe machozi yako yeye ayatazame, mtazameni kwanza yeye machoni.

Mimi sikubisha siku ile, na sikubisha miezi yote iliyofuata. Leo nabisha. Nilichota maji asubuhi, nikafunika kisima, nikaenda kusaga mahindi ya kumpikia mwanangu uji.