Zamu ya Kukaa Ukingoni

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kukiri kwamba amechoka. Mama, mfuaji wa mashuka hospitalini, alirudi kutoka kazini vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, ukimpa pole anasema, "Pole ya nini? Nimeloa tu." Baba, dereva wa lori, alisinzia mezani kijiko kikiwa mkononi, ukimgusa anasema alikuwa anawaza. Binti yao wa darasa la sita alilishika somo hilo kuliko hesabu. Aliamka kabla ya wote, akachota maji, akafagia uwanja, akamwandaa mdogo wake kwenda shule. Jioni aliosha vyombo ndipo akafungua madaftari. Baba alimwita Jembe, na jina hilo alilipenda mno. Jembe gani tena lilalamike?

Jumapili moja walikuwa na ahadi ya kutembea mtoni. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili, na mdogo wake Jembe, waliyemwita Kitindamimba, alishaapa kwamba akidanganywa tena hali chakula cha mtu. Baba alikuwa ameingia alfajiri kutoka safari ndefu. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku. Jembe naye alikuwa amechelewa kulala akipiga pasi sare za shule.

"Mmechoka? Tuahirishe?" Baba aliuliza, akiomba moyoni mtu aseme ndiyo.

"Nani kachoka hapa? Twende," Mama akajibu.

"Mimi mzima kabisa," Jembe akasema, kisha akaziba mdomo kwa kiganja ili wasione anapiga miayo.

Haya, wakaenda. Kitindamimba alitangulia akirusha mawe majini. Wale watatu walifuata nyuma wakiburuta miguu, na kila waliposimama kuvuta pumzi walijidai wanatazama ndege.

Mto ulipopinda palikuwa na sehemu pana ambapo maji yalitulia, yakimfika Kitindamimba kifuani. Hapo ndipo walipoogelea siku zote. Lakini nyuma ya jiwe kubwa kina kilianza, na maji yalivuta. Kwa hiyo familia ilikuwa na sheria moja: mtu akiwa majini, mwingine anakaa ukingoni, mkavu, ameshika kamba iliyofungwa kwenye dumu tupu, tayari kumtupia. Aliyeshika kamba hapigi soga wala hatazami pengine.

"Zamu yangu," Baba akasema, akaketi, na Kitindamimba akaingia majini. Mama alitandika shuka kivulini ajinyooshe kidogo. Haukupita muda, kidevu cha Baba kikagusa kifua.

"Baba, unasinzia," Jembe akasema.

"Nawaza tu." Alijikuna kichwa. "Jembe langu, hebu nishikie zamu kidogo. Hujachoka?"

Kope za Jembe zilikuwa nzito, na mgongo ulimuuma. Alitamani kusema. Lakini Baba alikuwa akimtazama kwa fahari, na jina ni jina.

"Sijachoka, Baba."

Akaishika kamba, Baba akajilaza kando ya Mama. Jua lilimpiga mgongoni, maji yakaimba wimbo wao uleule. Alijifinya paja. Akajiambia atafumba jicho moja tu, lingine libaki kazini. Thubutu! Usingizi haulali nusu.

Aliposhtuka, hapakuwa na mtu majini.

"Kitindamimba!" alipiga yowe. Kisha akauona mkono nyuma ya jiwe, ukitokeza na kuzama. Alirusha dumu, halikufika. Akalivuta, akarusha tena kwa nguvu zake zote. Mdogo wake akalikumbatia, lakini maji yalianza kuwavuta wote wawili. Baba, aliyeamshwa na yowe, aliidaka kamba. Wakamvuta mtoto hadi ukingoni, akikohoa na kutapika maji.

Mama alimfunika kwa shuka. "Nyuma ya jiwe ulifuata nini wewe?"

"Kandambili yangu ilichukuliwa na maji," mtoto alilia. "Nilimwita dada, hakunijibu."

Baba akamgeukia Jembe. "Hukumsikia?"

Uongo ulikuwa karibu sana. Angeweza kusema maji yalipiga kelele, na wangemwamini. Alimtazama mdogo wake anavyotetemeka.

"Nililala, Baba. Nilichoka tangu nyumbani. Nilikudanganya." Akaangua kilio.

Alingoja kugombezwa. Baba akaketi chini kando yake, miguu kwenye tope.

"Mwanangu, uongo huo umeukuta kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyelala kwanza, nikakutwisha mzigo wangu, nao haukuwa saizi yako. Barabarani usingizi ukinijia naegesha lori pembeni, hata tajiri mwenye lori apige simu mpaka avunje kidole. Kumbe nyumbani naona aibu kuegesha."

"Na mimi eti najinyoosha!" Mama akacheka huku akifuta machozi. "Nilikuwa nakoroma."

"Bidii ni sifa njema, Jembe," Baba akaendelea, "lakini uhai wa mtu haulindwi kwa sifa. Ukichoka, sema, ili mwenye nguvu ashike kamba. Akikosekana mwenye nguvu, basi hakuna kuogelea. Leo umesema kweli ukiwa na hofu. Siku nyingine iseme mapema."

Jembe alimtazama Baba usoni. "Nimechoka," alisema, na neno lilitoka kwa shida.

"Nami nimechoka," akasema Mama.

"Nami hoi," akasema Baba.

"Mimi sijachoka," akasema Kitindamimba, meno yakigongana, na wote wakamcheka kwa sauti za kichovu. Walirudi nyumbani, wakafunga mlango mchana kweupe, wakalala.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kutoka, Baba aliuliza, "Nani leo ana macho ya kutosha?"

"Mimi sina," akasema Jembe. Hakuna aliyemcheka.

"Ninayo mimi. Jana nimelala usiku kucha," Mama akajibu, akaichukua kamba.

Kule mtoni aliketi ukingoni, mkavu, macho majini. Na Jembe, ambaye kila walipokuja aliogelea huku akimchunga mdogo wake, siku hiyo alilala chali juu ya maji, akafumba macho yote mawili, akaelea.