Umeingia Hadi Darini

Mvua ilipoanza kupiga bati za Geita, watu walikimbilia duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani na stendi, wenye haja ya misumari na wasio na haja ya chochote. Harufu ya saruji, rangi na jasho ilijaa. Bodaboda walisimama mlangoni wakikamua makoti yao na kutukana mawingu.

Mbele ya kaunta alisimama kijana mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi kali, viatu vyekundu kwa udongo wa machimbo ya Nyarugusu. Jina lake Ndaki. Kazi yake ilikuwa kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuiuza kwa wakubwa, na mfuko wa shati lake ulituna kwa mzani mdogo asioachana nao hata kanisani. Alikuwa amekumbatia ndoo mbili za rangi nyeupe na chupa za jiki.

"Samahani kaka," sauti ya kike ilisema nyuma yake. "Unaenda kufunika nini?"

Ndaki aligeuka. Alimwona msichana aliyevaa ovaroli la kijivu, buti za mpira, na kilemba cha kitenge cha manjano ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na mavazi mengine.

"Nani kasema nafunika?"

"Rangi nyeupe, jiki, msimu wa mvua. Una ukungu."

"Ukungu upi? Ule wa asubuhi?"

"Ule mweusi wa ukutani. Unaonuka kama kitenge kilichosahauliwa kwenye beseni."

Waliosikia walicheka. Ndaki naye alicheka, maana harufu hiyo aliijua.

"Sasa dada, wewe ni mganga?"

"Mimi ni Hosiana. Nina diploma ya ujenzi na kampuni ya kuondoa ukungu majumbani. Kuupaka rangi ni kuuvisha nguo tu, kaka yangu. Utakaa humo ndani umependeza."

"Kwa hiyo kuna watu wanalipwa kwa kufuta ukuta?"

Hosiana aliutazama mfuko uliotuna. "Si kuna watu wanalipwa kwa kununua mawe?"

Ndaki alinunua rangi yake. Lakini namba ya simu aliichukua, na mvua ilipokatika hakuondoka upesi.

*

Nyumba ya Ndaki ilikuwa mpya, yenye geti jeusi na vigae vinavyoteleza. Aliishi na mama yake, Mama Vumilia, mjane aliyetoka kijijini Shinyanga kwa shingo upande. Mama alipewa chumba cha nyuma, kilichotulia. Tangu aingie humo alikuwa akikohoa, na kifua kilimbana kila mvua ikinyesha.

"Mwangaluka, mayu," Hosiana alimsalimu kwa Kisukuma, ingawa yeye alikuwa Msumbwa wa Ushirombo.

Bibi alifurahi hadi kikohozi kikamkatiza. "Ndaki! Huyu umemtoa wapi?"

"Dukani, mama."

"Basi rudi ununue na wa akiba."

Hosiana alibandika kifaa cha kupimia unyevu ukutani, akakisogeza, akakisogeza tena. Kisha alivaa barakoa, akapanda ngazi na kuingiza kichwa darini. Aliposhuka, kilemba kilikuwa na utando wa buibui.

"Maji yanaingia pale bati mbili zinapokutana," alisema. "Yanatembea juu ya mbao, yanashuka ndani ya plasta. Unachokiona ukutani ni salamu tu. Wenyewe uko juu."

"Bei?"

"Bei haitokani na ukubwa wa doa. Inatokana na mahali ulipojificha, ulichokula, na maji yanayoulisha. Ukiwa kwenye vigae, nafuta na kuondoka. Huu umekula mbao za dari na plasta. Lazima nizibe paa kwanza, nifunge mlango kwa nailoni vumbi lake lisiende sebuleni, ning'oe dari, nikwangue plasta, nikaushe ukuta kwa feni hadi kifaa hiki kikubali, ndipo nijenge upya. Halafu nirudi mvua nyingine kukagua. Milioni moja na laki mbili."

Ndaki alishika kiuno. "Hosiana! Hao si ng'ombe wawili?"

"Sijui bei ya ng'ombe. Najua bei ya ukungu."

"Taja bei ya mwisho, mrembo."

"Hiyo ndiyo ya kwanza, na ndiyo ya mwisho."

"Na ukaguzi wa leo nao nilipie? Nilipe ili niambiwe nitalipa?"

"Wewe mchimbaji akikuletea kiroba cha mawe, unanunua kwa macho?"

"Thubutu! Naponda kidogo, naosha kwenye karai, naona mali ipo au haipo."

"Nami nimeosha kwenye karai, bwana mizani."

Ukaguzi aliulipia siku hiyo hiyo. Kazi yenyewe aliahirisha. Alizoea biashara ambayo anayesubiri hushusha bei, na hakuona kwa nini ukungu uwe tofauti.

Mapenzi hayakuahirishwa. Yalianza kwa simu za kuulizia paa na yakaendelea kwa simu zisizoulizia kitu.

"Mtaalamu, ukuta wangu unakusalimia."

"Uambie sijausahau. Mwenye ukuta je?"

"Mwenye ukuta ana unyevu moyoni."

"Huyo hatibiki, naomba nimkatie tamaa."

Walikula sato wa kukaanga karibu na soko. Hosiana alivaa gauni la kijani lililomkaa hadi wahudumu wakagongana. Ndaki alipendekeza wapime upendo kwenye mzani. Hosiana alitia kidole, mzani ukaandika kosa. Kabla mvua hazijakwisha Ndaki alituma mshenga Ushirombo. Baba yake Hosiana, katekista asiyependa haraka, alijibu kwamba angekuja kwanza aione kwa macho yake nyumba atakayoishi binti yake.

Ndaki aliposikia hivyo alimwita Deusdedit, mpaka rangi wa mtaani, naye akakifanya chumba cha nyuma kiwe cheupe kama yai. Wiki haikuisha, doa likachungulia tena kwenye pembe.

*

Hosiana alikwenda kukagua upya siku ambayo Ndaki alikuwa Nyarugusu, kwenye mashimo, ambako simu hugeuka tochi. Mama Vumilia naye alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Jirani, Paskazia, ndiye aliyefungua mlango. Hosiana alinusa rangi mpya, akakwangua kwa ukucha, akaona weusi chini yake. Alikunja uso.

Ndaki alikuwa amemwambia, "Nikiwa mashimoni, tuma kwa simu ya mama." Basi alituma. Ujumbe wa kwanza ulisema: "Shikamoo mama. Naomba usome, na umsomee Ndaki, habari za ukungu." Wa pili ulibeba habari zenyewe. Mvua ilikuwa imepiga mnara, na mtandao ukafanya ulivyotaka: wa pili ulifika, wa kwanza ukabaki njiani.

Mama Vumilia alimpa Paskazia simu yake ya kitochi, maana herufi ndogo zilimshinda. Paskazia alisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma, sauti ilipungua.

"Umekaa chumba cha nyuma muda mrefu mno. Umeingia hadi darini. Unaharibu hewa ya nyumba nzima na unanuka. Ndaki anakuonea... hapana, anaona haya kusema ukweli kwa sababu ya gharama. Ukiachwa, gharama itazidi. Lazima utoke kabla wazazi wangu hawajaja. Hosiana."

"Rudia hapo pa kunuka," alisema Mama Vumilia.

Paskazia alirudia.

Kiswahili kina tabia hiyo. Ukungu hubeba "u", na wewe msomaji hubeba "u" ile ile. Anayeachiwa sentensi bila mwenyewe humpa aliye karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa mjane aliyekuja mjini bila kupenda.

Bibi hakulia. Alifunga vitenge vyake, akazima simu ili asibembelezwe, akapanda basi kwenda Isaka kwa Vumilia, binti yake mkubwa, ambaye mumewe alifanya kazi bandari kavu.

Ndaki alirudi akakuta kitanda kimetandikwa na chumba kitupu. Paskazia alimsimulia yote, akaongeza kidogo. Ndaki alipiga simu akiwa bado amesimama mlangoni.

"Hosiana, ulimaanisha ulichoandika?"

Hosiana alikuwa juu ya ngazi kwa mteja mwingine. Alidhani ni bei tena. "Kila neno."

"Kwamba lazima utoke kabla wazazi hawajaja?"

"Utoke wote. Msimu mzima nimekubembeleza, Ndaki, na wewe unanipakia rangi!"

"Hakuna mazungumzo? Hata kidogo?"

"Ukibaki hata kidogo, mimi siingii nyumba hiyo kuwa mke. Chagua."

Ndaki alisema polepole, "Sikujua una moyo wa namna hii."

"Na mimi sikujua bei ya ng'ombe wawili ni nzito kuliko mimi."

Simu ilikatika. Kila mmoja alijiona ndiye aliyetukanwa. Hosiana alishuka ngazi, akamwambia fundi wake Magesa kwamba macho yanamwasha kwa vumbi la plasta. Magesa alimwangalia, barakoa na miwani vyote vilikuwa bado usoni pa Hosiana. Jioni Hosiana alimpigia baba yake, akamwomba asikate tiketi.

*

Ndaki alimfuata mama yake Isaka. Malori ya mizigo ya magharibi yalikuwa yamejipanga barabarani, madereva wakipika chini ya matela. Alimkuta mama uani kwa Vumilia, anapepeta mchele na kuimba kwa sauti nzima.

"Mayu, kifua vipi?"

"Kifua kipi?"

Vumilia alijibu toka jikoni. "Hajakohoa tangu afike. Vumbi lote hili la malori, na hajakohoa!"

Ndaki aliketi kwenye kigoda. Jambo hilo lilimsumbua kama dhahabu inayokuwa nyepesi kuliko rangi yake. Aliomba simu, akauwasha ule mtambo mdogo, akausoma ujumbe mwenyewe kwa mara ya kwanza. Aliusoma mara ya pili akiwa ameinama.

"Mayu, wewe uliwahi kuingia darini?"

"Na magoti haya?"

"Hapa ameandika, umeingia hadi darini."

"Nililisikia hilo. Nikajua ananiita panya."

Wakati huo kitochi kilitoa mlio. Ujumbe uliobaki njiani ulikuwa umefika Isaka, umechoka. Ndaki hakuhitaji kuufungua, lakini aliufungua, akausoma kwa sauti mpaka kwenye neno "ukungu". Vumilia alishika mdomo. Bibi aliweka ungo chini.

"Basi si mimi ninayenuka?"

"Si wewe, mama. Ni chumba nilichokupa."

"Na huo uchafu uliokuwa unanikaba, ulijua unavyoondolewa?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuuondoa?"

Ndaki alitazama viatu vyake. "Nilikuwa nasubiri bei ishuke. Ng'ombe wawili, mama."

"Mimi nilitolewa ng'ombe ishirini na baba yako hakuuliza bei ya mwisho. Wewe umeshindwa wawili kwa ajili ya pumzi yangu?" Alinyoosha mkono. "Nipigie huyo binti. Nitaongea mwenyewe."

Hosiana alipoona jina la Mama Vumilia alisita, kisha akapokea kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye ukungu."

"Abee?"

"Ulisema nitoke, nimetoka. Sasa niambie, nirudi lini?"

Ilichukua muda Hosiana kuelewa, na alipoelewa aliketi juu ya ndoo ya saruji. Alicheka, akalia, akaomba radhi kwa lugha mbili. Ndaki alipopewa simu alianza kujitetea, akakatizwa.

"Subiri. Kosa la ujumbe ni langu. Sentensi zote niliziandika kwa kukubali, sikukanusha hata moja."

"Ndiyo nini hiyo, mtaalamu?"

"Ningeandika 'haufutiki', mama angejua si yeye. Ukungu haufutiki. Mtu ni 'hufutiki'. Herufi moja tu ingemlinda."

"Na kosa langu?"

"La kwako halina sarufi. Ulimlaza mama yako chini ya ukungu ukiwa unajua."

"Nimekusikia. Ng'oa dari. Sitaki punguzo."

"Hujapewa."

*

Dari iling'olewa. Mbao zilizooza zilitolewa zimefungwa kwenye mifuko, paa likazibwa, feni zikavuma hadi majirani wakauliza kama kuna mashine ya kusaga. Magesa alikwangua plasta, Hosiana akapima, akakataa, akapima tena, akakubali. Mama Vumilia alirudi akalala katika chumba kinachonuka chokaa tu, na mvua ilipokuja alisikika akikoroma. Katekista wa Ushirombo alikata tiketi yake.

Siku moja kabla hajafika, Hosiana alikuwa dukani kwenye kaunta ile ile, amevaa kilemba kile kile cha manjano, anajadiliana bei ya nailoni. Simu ilitetema. Ndaki alikuwa Nyarugusu, amepanda kichuguu kutafuta mtandao.

"Umeingia ndani," ujumbe ulisema. "Umepita plasta, umefika moyoni. Gharama yoyote nitalipa, ubaki. Hufutiki."

Muuzaji aliuliza kama atachukua mita zote. Hosiana hakumsikia. Alikuwa akilitazama neno la mwisho, akiikagua ile "hu" mwanzoni, akitafuta "a" ambayo haikuwepo.

Aliandika, "Nimepima. Nakubali," akatuma.