Mhojiwa wa Salale

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, Waride alimsikia mama mkwe wake akijibu swali ambalo hakuna mtu aliyemwuliza.

Bi Biasha alikuwa uani na ungo wa mchele mapajani. Alikuwa peke yake. "Nilizaliwa Mchukwi," alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyesimama mbele ya karani. Akanyamaza, akasikiliza. "Hapana, Mustapha ni mume wa pili. Wa kwanza alifariki mwaka wa mafuriko."

Waride alitoka sebuleni. "Mama, unaongea na nani?"

Bi Biasha alimtazama kwa mshangao. "Si wewe? Si unaniuliza yale maswali yako ya chuo?"

Waride akacheka. Kisha akasikia harufu ya matope ya mikoko, yale matope meusi yanayobaki maji yakishatoka, na hapo Kibiti mjini hakuna bahari wala mkoko.

Alikuwa mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu katika sekondari moja ya hapo mjini, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa shahada ya uzamili ya masomo ya dini, ambayo wenzake waliimaliza kwa miwili. Tasnifu yake ilihusu watu wa delta ya Rufiji: vipi mtu anasali swala tano na bado anaishi na jini ndani ya mwili wake. Msimamizi wake, Dokta Abdulrazaq, alikuwa ameirudisha sura ya nne na maneno ya wino mwekundu: "Humu wanasema watu tu. Majini wenyewe wanasemaje?" Zilibaki wiki sita. Akichelewa tena, jina lake lilikuwa linaondolewa.

Ndipo akapanda boti kwenda Salale, kijiji cha huko deltani, kwa Bi Salama, mkulima wa mpunga aliyekaa na jini miaka ishirini na miwili. Bi Salama alimkaribisha vizuri, akampa sharti moja tu.

"Niulize mimi, mwanangu. Huyu bwana usimwulize kitu. Hajasemeshwa siku nyingi, ametulia."

Waride aliahidi. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Bi Salama alifumba macho katikati ya mazungumzo, akaanza kuhema kwa nguvu, shingo ikalegea. Waride alijua maana yake. Aliisogeza simu iliyokuwa ikirekodi, akainama, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na wewe, unasali?"

Mgongo wa Bi Salama ukanyooka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili cha zamani. "Tangu nifike, hakuna aliyenitaka habari zangu. Uliza tena."

Aliuliza karibu saa nzima. Alirudi Kibiti amefurahi hata njaa hakuisikia.

Sasa, huku Bi Biasha akiendelea kupepeta mchele, Waride alirudi mezani, akavaa vifaa vya masikioni, akayafungua mazungumzo ya siku ile. Maswali yake yote yalikuwepo, moja baada ya jingine. Majibu hayakuwepo. Baada ya kila swali palikuwa kimya, na mwisho kabisa, pale alipokumbuka kuwa aliaga, ile sauti ya mwanamume ilisema karibu na sikio lake, bila haraka: "Sasa zamu yangu."

Kufikia Ijumaa Bi Biasha alikuwa anajibu mchana kutwa. Alijibu akioga, akajibu tonge likiwa mdomoni, akakata swala katikati ya sijda ili ajibu. Zahanati walimpima presha, wakampa vidonge. Havikusaidia. Mashavu yaliingia ndani, midomo ikapasuka, sauti ikawa ya kukwaruza, lakini adabu ile haikumtoka.

Jumapili mwanawe Sufiani, mume wa Waride, alirudi kutoka Ikwiriri alikokuwa akinunua ufuta. Alifika mlangoni na mkate mkononi wakati mama yake akisema, "Hapana, huyo si wa Mustapha. Sufiani nilikuja naye tumboni. Mustapha alijua, akanisitiri."

Mkate ulianguka. Sufiani akachuchumaa mbele ya mama yake, akanong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa na majirani. "Mama, nyamaza. Nakuomba."

"Siwezi, baba," Bi Biasha alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Akiuliza, mdomo unajibu wenyewe."

Waride akiwa amesimama nyuma yao aliona mkeka wa mama mkwe ukididimia upande wa pili, polepole, kama mtu mzito anavyokaa na kukunja miguu ili asikilize vizuri, na harufu ya matope ikapanda mpaka akaionja ulimini, na akataka kupiga kelele lakini akahofia kwamba akifungua mdomo naye atajikuta anajibu, basi akaubana kwa viganja vyote viwili na kubaki hivyo mpaka adhana ya alasiri ilipolia na mkeka ukanyooka.

Jioni hiyo alimweleza Sufiani kila kitu. Sufiani hakumgombeza. Kesho yake walimviringisha mama kwa mablanketi, wakaenda Nyamisati, wakapanda boti kuelekea Salale.

Bi Salama walimkuta amenenepa. Alikuwa anacheka. Alipomwona Bi Biasha, kicheko kikakatika, akaenda mwenyewe kumwita Mzee Mwinyimvua, fundi wa majini aliyemtuliza jini wake miaka ile.

Mzee Mwinyimvua alifukiza ubani, akaweka kiganja utosini mwa mgonjwa, akasoma aya mpaka jasho likamlowanisha kanzu. Mara tatu aliamuru. Mara tatu ile sauti ya upole ikajibu kutoka kwenye kifua cha Bi Biasha: "Sijamaliza."

Mzee alikaa chini, akavua miwani. "Huyu hatoki, anahama," alisema. "Na anahamia kwa anayemkaribisha kwa hiari yake; mama huyu alimkaribisha pale alipomjibu mara ya kwanza, akidhani ni mkwewe. Huyu mama hamalizi siku mbili."

Hakuna aliyetaja jina, lakini macho yote yalimwendea Bi Salama.

"Mnanitazama mimi?" Bi Salama aliuliza. "Wiki mbili hizi nimelala mpaka alfajiri. Nimekula kamba, nilikuwa nimesahau utamu wake, yeye alikuwa hawataki. Nilikukataza, mwanangu. Sikukukataza?"

"Ulinikataza," Waride alisema.

Bi Biasha alikohoa, akajibu jambo kuhusu kifo cha dada yake, akakohoa tena. Damu kidogo ilionekana kwenye mdomo. Bi Salama alimtazama, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaanza kuinuka. "Basi," alisema. "Mimi nimeshamzoea."

Waride alimshika bega, akamkalisha.

"Kaa, Bi Salama. Sikusahau ahadi yangu. Niliikumbuka vizuri, na nikamwuliza makusudi. Nilitaka sura ya nne ipendeze."

Aliketi mkekani, goti kwa goti na mama mkwe wake. Sufiani akamdaka mkono. "Waride, usifanye hivyo. Tutatafuta fundi mwingine."

"Siku mbili, Sufiani. Umesikia." Akaunasua mkono, akamtazama yule aliyekuwa akichungulia ndani ya macho ya Bi Biasha. "Mimi ndiye niliyekuita. Njoo kwangu."

Ubaridi ulimpanda kutoka nyayo hadi magotini, kama mtu anayeshuka botini maji yakiwa yametoka. Bi Biasha akaangukia kifuani kwa mwanawe, amelala usingizi mzito. Ndani ya kichwa cha Waride, mtu alikohoa kidogo kusafisha koo.

"Jina lako kamili?" akaulizwa kwa adabu.

Akajibu.

Mzee Mwinyimvua alibishana na jini mpaka machweo, na mwisho wakaafikiana: atauliza Alhamisi tu, baada ya alasiri hadi magharibi, na siku nyingine atanyamaza. Mpaka leo hajavunja makubaliano. Waride aliwasilisha tasnifu yake bila yale mahojiano, Dokta Abdulrazaq akalalamika kuwa sura ya nne ni nyembamba, wakampitisha kwa alama za chini. Cheti kimo kabatini. Sufiani alikaa miezi mitatu kabla ya kukaa tena uani na mama yake. Alimsaidia kupepeta mchele.

Bi Biasha amepona kabisa. Hajamuuliza mkwewe neno lolote juu ya siku ile. Ila kwa miaka kumi aliyokaa naye alikuwa akimsalimu "Hujambo, mwanangu," na sasa kila asubuhi, akimkuta Waride peke yake jikoni, husimama kizingitini, huweka mtandio vizuri kichwani kama anayeingia nyumba ya watu, na kusema:

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mama," Waride humjibu.