Kisheti Kwenye Pindo la Kanga

Jirani yetu Lucinda anasimulia mpaka leo kwamba mama yangu aliangushwa na visheti. Anasema alimwona nyuma ya jiko la maulidi, anatafuna.

"Saba!" huwaambia watu kisimani. "Nilihesabu mwenyewe. Mtu ana kisukari, anakula visheti saba! Angebaki mzima?"

Mimi nilikuwepo. Mama hakula hata kimoja. Lakini simlaumu sana Lucinda, maana siku ile hata mimi niliogopa sukari kama yeye.

Mama yangu, Rehema, alijulikana kijijini kwa visheti vyake. Alikanda unga, akavikata na kuvikaanga, akavichovya kwenye shira ya sukari yenye iliki. Mwaka juzi akapimwa, akakutwa na kisukari. Alipewa vidonge. Daktari alimwambia apunguze vitu vitamu. Mimi nikasikia aache kabisa.

Nikaficha sukari. Ndizi zikiiva, nagawa. Kwenye shughuli za watu nilitangulia kwa wapishi: "Mama yangu asipewe kitu kitamu." Nilisema kwa sauti, watu wanasikia. Mama aliinamisha macho.

"Hata cha kuonja, Latifa?"

"Hata cha kuonja. Unataka kutuachia msiba?"

Siku ya maulidi mama alimeza dawa asubuhi. Chai hakunywa. Mchana nikampa ugali na samaki, akausogeza.

"Sina hamu, mwanangu."

Nikafurahi. Nilidhani anajitahidi.

Alasiri tulikuwa kwenye jiko la maulidi na wanawake wenzetu. Nikaona mikono ya mama inatetemeka. Jasho lilimtoka mpaka kanga ikalowa. Akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka.

"Maji ya sukari," alisema kwa shida. "Nipe, mwanangu."

"Sukari ndiyo inayokuua, mama!"

"Usimpe!" Lucinda akadakia. "Kishakula visheti huyo!"

Mama akaanguka kwenye mkeka.

Sudi, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, aliitwa kutoka upande wa wanaume. Alimkuta mama amefumbua macho.

"Bi Rehema, unanisikia? Meza mate." Mama akameza. Sudi akatugeukia. "Amekula nini leo?"

"Visheti!" alisema Lucinda.

"Nauliza alichokula, dada, siulizi unachodhani."

"Tangu asubuhi hajala," nikajibu.

"Na dawa?"

"Alimeza."

"Basi sukari imeshuka, haikupanda. Leteni sukari, upesi!"

Alikoroga vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji. Akamnywesha kidogokidogo. Baada ya robo saa mama akanitambua. Sudi akaagiza apewe chakula, kisha tukampeleka zahanati.

"Kama angekuwa hawezi kumeza," alituambia njiani, "msingemtia kitu mdomoni. Mngemkimbiza hospitali hapohapo."

Zahanati mama alifungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na kisheti kimoja, kizima.

"Nilitaka nile hiki tu," alisema. "Nikashinda na njaa ili kisinidhuru. Ningekila peke yangu nyumbani, Latifa asinione."

Zamu hii nikainamisha macho mimi.

"Pole, Bi Rehema," alisema Sudi. "Lakini dawa kama zako hushusha sukari. Ukimeza bila kula, inashuka kupita kiasi. Usiache mlo ili upate kitamu."

"Kwa hiyo nisile kabisa?"

"Kula, ila kidogo, na si kila siku. Kula baada ya chakula chenye mboga na samaki. Siku hiyo punguza wali, na chai inywe bila sukari. Endelea kupima, na umsikilize daktari wako." Kisha akanitazama. "Na wewe, Latifa, usimfiche. Anayekatazwa kila kitu hula kwa kujificha. Akizidiwa, utajuaje?"

Sasa tumebadilika. Ijumaa baada ya chakula cha mchana tunakula kitamu wote, sahani moja, mama nusu kisheti. Jioni tunatembea mpaka kwenye mikorosho na kurudi. Kila akipimwa, Sudi anaridhika. Mama hajaanguka tena.

Ila hakaangi tena. Karai lake lipo ukutani tangu siku ile. Visheti nanunua kwenye maduka ya Chikongola, nikienda mjini.

Ijumaa iliyopita nilimtengea.

"Hivi vya dukani vigumu kama mawe," nilisema. "Mama, maulidi imekaribia. Nifundishe kukaanga vyako."

Akakata kisheti, akanipa kipande kikubwa. Akala chake taratibu, akakung'uta sukari vidoleni.

"Mama, nilikosa. Nilikutangaza mbele za watu. Tukaange pamoja, mimi na wewe."

Alitazama karai pale ukutani. Akainuka, akaliacha palepale, akachukua sahani, akaenda kuiosha.