Nafasi ya Kujibu

Siku hiyo foleni ya kibanda cha fundi simu ilifika hadi kwa muuza viatu. Dada mmoja wa gauni la njano akapenya bila haya, akabwaga simu mezani.

"Kaka, hii imekuwa bubu, na ndiyo inayonifundisha kuongea Kiingereza."

"Bubu akufundishe kuongea? Basi dada, jifunze ishara."

Watu wakaangua kicheko. Fundi akabadilisha spika, akamwekea na video za mwalimu mmoja aliyesifiwa sana mtandaoni, ingawa mwenyewe hakuwahi kuzisikiliza. Kesho yake Gauni la Njano akarudi, na simu ilikuwa nzima.

"Nime... nimekuja tu. Naku... nakupenda, Mfupi wewe," akamwambia fundi, aliyemfikia begani tu.

Ndivyo alivyokuwa. Kumdanganya mama yake ilikuwa kazi nyepesi, maneno yaliteleza. La moyoni ndilo lililomkwama kooni.

Wakapendana miezi kadhaa. Halafu simu walizopigiana zikaanza kuwa fupi.

"Niko bize, mpenzi," dada angesema.

"Bize na nani?"

"Na mdomo wangu." Akakata.

Jioni moja fundi akamfuata kwake bila taarifa. Taa ya korido ilikuwa inazimika na kuwaka. Alipofika mlangoni, akasikia sauti nzito ya mwanamume ikiuliza kwa Kiingereza, "Safari ilikuwaje?" Kimya kidogo. Kisha sauti ya mpenzi wake, laini, "Nzuri sana, asante."

Akausukuma mlango kwa bega.

"Yuko wapi?"

"Nani? Mfupi, umenishtua!"

"Huyo mwenye sauti ya redio!"

Gauni la Njano, leo kavaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa ikakaa kama karatasi, akaonyesha simu iliyoegemezwa kwenye kikombe. "Huyo hapo. Anauliza, ananyamaza ili nijibu, anaendelea. Si uliniwekea mwenyewe? Unamwonea wivu mwalimu?"

Fundi akacheka mpaka akakaa kitandani. Kicheko kikamwishia alipoliona sanduku jipya chini ya dirisha.

"Hilo somo la nini?"

"Mahojiano ya viza. Nimepata kazi ya hoteli, mbali. Miaka miwili. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

Video ilikuwa bado inaenda. "Nyumbani kuna mtu anayekusubiri?" mwalimu akauliza, akanyamaza.

Fundi akamtazama mpenzi wake. Mpenzi wake akaitazama simu.

"Vizuri sana!" mwalimu akasifu. "Swali linalofuata."

Fundi akaizima.

"Sasa nakuuliza mimi, kwa lugha yetu. Nikikusubiri, utarudi tuoane?"

Gauni la Njano akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani, akatabasamu kama alivyofundishwa.

"Nitarudi, mpenzi wangu, na tutaoana. Usiwe na wasiwasi wowote."

Maneno yakatoka safi, moja baada ya jingine, bila kukwama popote. Fundi akamshika mkono, akikisubiri kile kigugumizi chake. Hakikuja.