Mpagazi wa Kumi na Nne

Nilifika dukani kwa Bi Firdaus siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Nataja saa kwa sababu ndiyo kitu pekee katika habari hii ambacho bado nina hakika nacho.

Duka lake la vitambaa liko Voi, nyuma ya soko. Nilikuwa nimeenda kuchukua albamu ya picha za mwanajeshi wa Kijerumani. Babake Bi Firdaus aliirithi kwa babake, aliyeiokota ndani ya handaki kule Salaita, upande wa Taveta, vita vilipohama. Makumbusho ninakofanya kazi yalikuwa yanaandaa maonyesho. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya kila picha: nani, wapi, lini, wangapi. Yote yalitakiwa Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, Bi Firdaus."

"Marahaba, mwanangu. Haya, chukua. Mwaka mzima wanisumbua." Alikuwa ameifunga ndani ya leso kuukuu. "Lakini ukurasa wa kumi na tisa usiufungue ikishaadhiniwa Magharibi."

"Una nini?"

"Marehemu baba alikataza. Mie sikumuuliza."

"Hukuwahi kuchungulia hata mara moja?"

"Nyinyi wasomi! Mkiambiwa chuma kina moto, mwatafuta kipimajoto." Alicheka, lakini alinisukumia kile kifurushi kama mtu anayemrudishia mwenzake mtoto aliyejikojolea.

Nilikwenda kulala Miasenyi kwa Susu Koki, mama yake mama yangu. Nyumba yake iko mita mia mbili kutoka barabara kuu ya Mombasa, na malori yakipita vikombe hutetemeka kabatini.

Kwa Susu kuna sheria moja. Watu hawahesabiwi. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, atakutajia majina mpaka uchoke. Wakamba wengi wa umri wake wako hivyo, kwa hiyo sikuwahi kuona ajabu. Niliiona kama desturi nzuri ya kuandikia insha.

Niliketi mezani nikaanza kazi. Karatasi zilinuka siki na tumbaku. Maelezo yaliandikwa kwa wino mweupe, herufi nyembamba, zilizonyooka. Nilisoma Kijerumani mihula miwili chuoni, na hicho kidogo kilinitosha.

Nilifika ukurasa wa kumi na tisa saa mbili kasoro dakika kumi. Nilijua kabisa ni saa ngapi. Nilijiambia, kazi ni kazi.

Picha moja tu. Wanaume wamepangwa mstari mbele ya kilima, kila mmoja na sanduku miguuni. Chini yake: *Wapagazi wangu 14. Salaita, Oktoba 1915.*

Mimi huhesabu kwa sauti. Nisipofanya hivyo, huamini nimekosea. Nikaweka ncha ya penseli juu ya kichwa cha kwanza.

"Moja. Mbili. Tatu..."

Kumi na tatu.

Nikarudia kutoka upande wa pili. Kumi na tatu. Lakini masanduku yalikuwa kumi na manne. Kati ya mtu wa sita na wa saba palikuwa na nafasi. Sanduku lilikuwepo pale, na kamba juu yake, imekatwa.

Hakukuwa na mtu.

Ndipo nikasikia viatu. Viatu vizito, juu ya changarawe ya uani. Uani kwa Susu hakuna changarawe. Ni vumbi tupu.

"Eins," sauti ikasema nje ya dirisha. Moja.

Sauti kavu. Ya mtu mwenye kazi yake.

"Zwei... drei... vier..."

Alihesabu polepole, hatua moja kwa kila nambari. Harufu ya tumbaku ikapanda hadi nikasikia ladha yake ulimini. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Dreizehn."

Kumi na tatu. Kisha akanyamaza.

Akangoja.

Sijui nieleze vipi ule ukimya. Mimi ni mtu ambaye hawezi kuacha fomu yenye nafasi tupu. Picha ikining'inia upande kwenye nyumba ya watu, nitainuka niinyooshe. Nambari iliyofuata niliijua. Ilikuwa ulimini tayari, meno yameshagusa mdomo wa chini kuitamka kwa Kijerumani...

Kiganja kikaniziba kinywa kwa nguvu. Kilinuka kitunguu. Kilikuwa cha Susu.

"Usimmalizie," akaninong'oneza sikioni.

Tulikaa hivyo, yeye amenikumbatia kwa nyuma, mpaka hatua zikaanza kutembea tena. Zilikuwa zinazunguka nyumba. *Eins.* Safari hii upande wa jikoni.

"Umewahesabu," Susu akasema. Halikuwa swali.

"Ni picha tu, Susu."

"Picha za nani?"

Nikamwonyesha. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akagusa ile kamba iliyokatwa kwa ncha ya kidole.

"Babu yangu Kituku," akanong'ona. "Wajerumani walimkamata karibu na reli, wakambebesha mizigo. Kila alfajiri yule bwana aliwahesabu, akipungua mmoja wote wanapigwa. Kituku akakata kamba, akatembea usiku, siku nne, mpaka nyumbani. Mpaka anakufa hakukubali mtu ahesabiwe bomani kwake. Alisema yule bwana bado anatafuta mtu wa kutimiza hesabu yake. Na atakayeitaja nambari ya mwisho ndiye atakayesimama pale palipo wazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandika."

Kweli ningeandika.

Nikatazama picha tena. Ndani ya ile nafasi, juu ya udongo mweupe, kulikuwa na kivuli. Kifupi. Chenye rasta zilizofungwa kwa juu.

Nikagusa kichwa changu. Nilikuwa nimezifunga zangu hivyo asubuhi.

"Tuichome," Susu akasema. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi. "Mbula, lete hiyo kitu."

*Zehn... elf...* Kumi, kumi na moja. Sasa alikuwa mlangoni. Komeo likacheza.

Siwezi kusema sikuogopa. Lakini niliwatazama wale wanaume waliobaki kwenye mstari, mmoja mwenye jicho lililovimba, mwingine aliyekunja ngumi. Walipigwa kwa sababu ya babu yetu. Hii ndiyo picha pekee waliyopigwa maishani mwao, na chini yake wameandikwa kama mifuko ya unga.

"Sichomi," nikasema. "Tukichoma, hawa wanabaki na yeye tu."

"*Dreizehn.*"

Nilifundishwa kwamba waraka wa asili hauandikwi juu yake. Kamwe. Nimewahi kumkemea mwenzangu kwa kushika picha bila glavu. Nikachukua penseli, nikapiga mstari juu ya ile 14, mstari mmoja ulionyooka. Pembeni nikaandika: *Kituku alirudi nyumbani.*

Nikaisoma kwa sauti, nimeukabili mlango. Sauti ilitetemeka, nikairudia mpaka ikaacha.

"Kituku alirudi nyumbani. Mzigo wako beba mwenyewe!"

Komeo likatulia.

Susu akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Umemtukana mzungu wa watu," akasema.

Kivuli kwenye picha hakikuwepo tena. Viatu vilienda taratibu kuelekea barabarani, na lori lililopita likavimeza.

Jumatatu, saa nne asubuhi, jua kali. Zephaniah, bosi wangu, alikuwa anapitia fomu zangu ofisini.

"Mbula, leo umenishangaza. Hapa kwa idadi ya watu umeacha wazi."

"Nimeacha makusudi."

"Makusudi ya nini? Si tuwahesabu tu." Akavuta picha karibu, kidole kwenye kichwa cha kwanza. "Moja. Mbili..."

Nje ya dirisha, kwenye changarawe, mtu alihesabu pamoja naye. *Moja. Mbili. Tatu.* Kwa Kiswahili safi, kama nilivyohesabu mimi, kwa vituo vyangu vile vile.

Nikaweka kiganja juu ya picha, nikabonyeza.

"Zephaniah, hawa hawahesabiwi."

"Ati?"

"Wanatafutwa majina. Nitayatafuta mwenyewe, hata ikichukua miaka. Fomu peleka hivyo hivyo."

Alinitazama, akatazama mkono wangu, kisha akageukia dirisha na kukunja pua.

"Nani anavuta tumbaku hapo nje?"

Sikuinua kiganja. Nje pamenyamaza. Kuna mtu anangoja nambari.

Na angoje.